Oili ya injini yenye tabo ichaguliwe kwa joto inalokutana nalo

Fundi alilikata chujio la oili la gari langu kwa kikata makopo kikubwa badala ya msumeno, kwa sababu msumeno huacha unga wake wa chuma na unga huo humpotosha anayechunguza. Aliikunjua karatasi ya ndani juani, na katika kila mkunjo kulikuwa na chembe ndogo zilizometameta kama magamba ya dagaa. Chembe hizo zilitoka kwenye beringi za konrodi, yaani vipande vya chuma laini vinavyokaa kati ya konrodi (mkono wa pistoni) na krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni). Injini ilikuwa imenoki, na mimi niliyekuwa nikijihesabu miongoni mwa watu wanaolijua gari lao nilibaki nimesimama pale gereji nikiitazama karatasi.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX STI la mwaka 2004, lililoshuka bandari ya Dar es Salaam likiwa limekwisha kutumika Japani. Wiki moja kabla ya safari ya Iringa nilikwenda kumwaga oili, na dukani nikapewa oili ya 0W-20 kwa maelezo kwamba Japani kote wanatumia hiyo na kwamba inapunguza ulaji wa petroli. Niliikubali, nikaondoka nimeridhika. Tulipita Morogoro, tukavuka mbuga ya Mikumi kwa mwendo wa taratibu kama sheria inavyotaka, kisha tukaanza kuupanda mlima Kitonga nyuma ya malori, gia ya pili na ya tatu, tabo, ile feni inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini, ikifanya kazi bila kupumzika, huku geji ya joto la maji ikiwa imetulia palepale katikati. Niliposimama Ilula, taa nyekundu ya oili ilianza kuwaka na kuzima injini ikiwa inanguruma bila kukanyagwa mafuta. Nilipoondoka tena nikasikia mlio hafifu wa kugonga, kama mtu anayegonga nyundo ndogo chini ya miguu yangu. Tulipochomoa dipstiki tulikuta oili imepungua karibu lita moja, nami sikuwa nimeipima tangu siku ilipowekwa. Kwa hiyo makosa yalikuwa mawili, na moja ni langu kabisa.

Tangu siku hiyo nimesoma, nimeuliza mafundi, nimefungua injini nyingine nikiwa nimekaa pembeni na kitambaa mkononi, na nimefikia msimamo ambao ninautetea hapa: kwa injini yenye nguvu nyingi na tabo, katika nchi yenye joto na milima kama yetu, jambo la kwanza kuangaliwa ni unene wa oili inapokuwa imechemka. Chapa, bei, picha ya gari la mashindano kwenye dumu na neno “sintetiki” lililoandikwa kwa rangi ya dhahabu ni mambo ya kutazamwa baadaye sana.

Nambari zilizo kwenye dumu zina maana halisi, na inasikitisha kwamba wauzaji wengi hawaifahamu. Katika 5W-40, sehemu ya kwanza, yaani 5W, inaeleza jinsi oili inavyotenda kwenye baridi, na kipimo chake hufanywa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri. Ile 10W hupimwa kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri, na 20W kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Hakuna asubuhi ya namna hiyo Dar es Salaam, wala Mbeya mwezi wa Julai. Nambari ya pili ndiyo inayotuhusu, kwa kuwa inaonyesha mnato, yaani unene wa oili, kwenye nyuzi 100. Kiwango cha kimataifa cha SAE kinasema kwamba oili ya 20 iwe na mnato kuanzia sentistoki (kipimo cha mnato) 6.9 na isifike 9.3, ya 30 ianzie 9.3 na isifike 12.5, ya 40 ianzie 12.5 na isifike 16.3, na ya 50 ianzie 16.3 na isifike 21.9. Mtu akizipanga nambari hizo mbele yake ataona kwamba oili niliyowekewa mimi ilikuwa na zaidi kidogo ya nusu ya unene wa oili ya 40 ambayo gari hilo lingestahili.

Lakini hata nyuzi 100 hazitoshi kueleza kinachotokea ndani ya beringi. Kati ya konrodi na krenki kuna pengo la sehemu chache za mia za milimita, jembamba kuliko unywele, na humo oili husagwa na kupashwa joto kupita lile la oili iliyomo kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Kwa sababu hiyo kuna kipimo kingine kinachofanyika kwenye nyuzi 150, oili ikiwa inasagwa kwa kasi kubwa. Kipimo hiki kina vizio vyake, milipaskali-sekunde: kwa oili ya 20 kiwango cha chini ni 2.6, kwa oili ya 30 ni 2.9, na kwa oili za 0W-40, 5W-40 na 10W-40 ni 3.5. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwenye beringi ndiyo utando unaozuia chuma kisiguse chuma.

Injini ya EJ20, ndiyo iliyomo kwenye gari langu, inahitaji utando huo kuliko injini nyingi. Pistoni zake zimelazwa, mbili kushoto na mbili kulia, na krenki yake ni fupi, hivyo beringi zake ni nyembamba kwa upana na kila moja hubeba mzigo mkubwa. Nguvu ya tabo inapoongezeka, mzigo huo hushuka juu ya kipande kilekile kidogo cha chuma. Tabo yenyewe huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na mhimili wake huelea ndani ya oili ileile inayotoka kwenye injini. Katika baadhi ya injini hizi oili inayokwenda kwenye tabo hupitia bolti yenye tundu, na ndani ya bolti hiyo kuna kichujio cha wavu kidogo kiasi cha kuweza kusimama kwenye ncha ya kidole. Nimekiona kimoja kilichozibwa kabisa na masizi ya oili iliyoungua, meusi na magumu kama ukoko wa wali chini ya sufuria. Tabo ya gari hilo ilikuwa imekufa, na mwenye gari alikuwa tayari amenunua nyingine bila kuambiwa kwamba chanzo kilikuwa ni wavu ule.

Kuna jambo jingine linalonifanya nichague 40 badala ya 30 kwa gari kama hili, ingawa najua kuna masoko ambako 5W-30 ndiyo inayopendekezwa kwa magari ya jamii hii. Oili haibaki na unene iliouzwa nao. Zile kemikali ndefu zinazoisaidia isilegee kwenye joto hukatikakatika kadiri inavyosagwa, na katika injini yenye tabo petroli kidogo hupenya kwenye ringi za pistoni na kuchanganyika nayo. Oili iliyoanza ikiwa na mnato wa 14 inaweza kuteremka na bado ikawa ndani ya eneo la kazi. Ile iliyoanza karibu na 10 ikiteremka kwa kiasi hichohicho inaingia katika eneo la oili ya 20, na dereva hapati dalili yoyote, kwa kuwa taa ya presha ya oili huwaka presha ikiwa imekwisha kushuka karibu na sifuri. Mtu anayeisubiri taa hiyo imtahadharishe amechelewa.

Sasa wapo watakaosema kwamba kama ni hivyo basi tuweke oili nzito kabisa tumalize kazi. Hii ndiyo imani iliyoenea zaidi katika gereji zetu, kwamba gari likizeeka au likiwa na nguvu linahitaji 20W-50, na wengine huenda mbali hadi oili namba 40 ile ya mafuta tupu isiyo na W, inayouzwa kwa ajili ya injini za zamani. Ninawaheshimu mafundi wanaosema hivyo, kwa sababu wengi wao wamejifunza kwenye injini ambazo zilivumilia oili ya namna hiyo kwa miaka mingi. Vitabu vya zamani vya Subaru vyenyewe viliruhusu 20W-50 kwa maeneo yenye joto kali na kwa magari yanayovuta mizigo, kwa hiyo si jambo la kubeza. Hata hivyo oili nzito hupita polepole kwenye mapengo membamba, hujipasha joto yenyewe kwa kusagwa, na asubuhi injini inapowashwa hufika kwenye tabo na kwenye vichwa vya injini ikiwa imechelewa. Geji ya presha husoma juu na mwenye gari hufurahi, kumbe presha imepanda kwa sababu oili inakataa kupita, na pampu imefungua vali yake ya kupunguza presha ikairudisha nyuma sehemu ya oili badala ya kuipeleka kwenye beringi. Injini zinazobadilisha majira ya vali kwa msukumo wa oili nazo huwa nzito kuitika.

Mfano wa 10W-60 unatumiwa vibaya kila mara. BMW iliielekeza oili hiyo kwa injini ya S54 iliyokuwa kwenye gari lake la kasi la M3, toleo la E46, na ni kweli kwamba mwenye gari hilo anapaswa kuifuata. Maelekezo hayo yalitolewa kwa injini hiyo na mapengo yake, na hayampi ruhusa mwenye Subaru, Golf GTI au Mark X kujaza oili ya 60 kwa sababu tu imewahi kuwekwa kwenye gari la kasi. Mwenye Golf GTI atafute kwenye dumu idhini ya Volkswagen yenyewe, kama VW 502.00 au 504.00, kadiri kitabu chake kinavyosema. Injini yake ya kisasa inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na injini za namna hiyo zina tatizo la petroli kulipuka kabla ya wakati wake kwenye mzunguko mdogo, jambo linaloweza kupasua pistoni. Kiwango cha SP cha API, taasisi ya petroli ya Marekani, kilichoanza mwaka 2020 kinadai oili ipimwe dhidi ya tatizo hilo, kwa hiyo kwake herufi hizo mbili zinafaa kutafutwa. EJ20 ya kwangu haina mfumo huo wa petroli.

Kwa EJ20 ninatafuta vitu viwili nyuma ya dumu: 5W-40, na maandishi ya ACEA A3/B4, kwa kuwa kiwango hicho cha watengenezaji wa magari wa Ulaya kinadai ile alama ya 3.5 kwenye nyuzi 150. Neno “sintetiki” silitegemei peke yake. Mwaka 1999 chombo cha kusimamia ukweli wa matangazo nchini Marekani kilisikiliza malalamiko ya Mobil dhidi ya Castrol na kikakubali kwamba oili iliyotokana na mafuta ghafi yaliyosafishwa kwa kiwango cha juu iweze kuitwa sintetiki. Oili hizo ni nzuri na ninazitumia. Ninachosema ni kwamba neno hilo halimwambii mnunuzi kilichomo, na viwango ndivyo vinavyomwambia.

Yote haya hayana maana ikiwa kilichomo ndani ya dumu sicho kilichoandikwa nje. Madumu matupu yenye chapa kubwa yana soko, na sababu ya soko hilo inafahamika. Ninanunua kwa wakala anayetoa risiti, ninakagua lakiri ya kifuniko, na ninalinganisha nambari ya toleo iliyo kwenye dumu na ile iliyo kwenye boksi. Baada ya kumwaga oili ninalitoboa dumu kwa bisibisi mbele ya fundi. Wa kwanza kuniona nikifanya hivyo alinishangaa, kisha akaniambia, “Kaka, hapo umefanya la maana,” na siku hizi analitoboa yeye kabla sijainama.

Injini iliyofungwa upya nimeipa 5W-40, na ninaibadilisha kila kilomita 5,000 pamoja na chujio, hata kama mwenye duka ananiambia oili ya bei ile inafika 10,000. Siipimi kwa rangi, kwa kuwa oili nzuri huwa nyeusi mapema kwa sababu inabeba uchafu kama inavyotakiwa, na kuisugua kati ya vidole hakumwambii mtu chochote kuhusu mnato wake. Harufu ya petroli kwenye dipstiki ndiyo hunishtua.

Dipstiki ya gari hili nayo ina tabia yake. Injini ikiwa imetoka kuzimwa, oili hung'ang'ania kwenye mrija wa kijiti na kukipaka pande zote, hivyo upande mmoja husoma imejaa na mwingine husoma imepungua. Kila Jumapili alfajiri, kabla gari halijawashwa, ninalisogeza hadi kwenye sakafu tambarare kwa kulisukuma na mwanangu, ninafuta kijiti, ninakirudisha, ninakichomoa polepole na kuusoma ule upande unaoonyesha kidogo. Alama ya juu na ya chini zimetofautiana kwa takriban lita moja, nami siiachi oili ishuke chini ya robo tatu ya nafasi hiyo. Desemba iliyopita tuliupanda tena Kitonga nyuma ya malori yaleyale, na tulipofika Ilula niliiacha injini ingurume dakika mbili nzima kabla ya kuizima.