Ombi la ruhusa lisilo na kazi lifutwe, lisifichwe

Kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, kikiondolewa msimbo (maagizo yanayoiendesha programu) wa zamani wa kuomba ruhusa kwenye sehemu ya kutunza nywila, hakuna anayepiga vigelegele. Mtumiaji haoni kipya. Kwangu hiyo ni kazi ya maana kuliko mapambo mengi tunayoletewa kila toleo.

Chukua kuhamisha nywila kutoka kwenye kivinjari. Zinatoka kama faili la CSV, maandishi matupu, na yeyote akilifungua anasoma. Kwenye Android za zamani, programu iliomba ruhusa ya kufikia hifadhi ya simu, pale mafaili yanapokaa, ili iandike faili hilo, na ruhusa hiyohiyo iliifungulia hata picha zako. Android 6 ya 2015 ilileta ombi linalotokea wakati wa matumizi. Android 10 ya 2019 ikabana zaidi. Siku hizi unachagua mwenyewe faili likae wapi, basi.

Sasa ingia steshenari yoyote hapa Mwanga, Kigoma, msimu wa kujaza fomu za mkopo wa chuo. Kidirisha kikitokea, kidole kimeshabonyeza "Ruhusu" kabla jicho halijamaliza mstari wa kwanza. Foleni ndefu, bando linakata, nani asome? Kila ombi la bure linamzoeza mtu huyu kukubali lile la hatari.

Wapo wanaosema msimbo umelala tu, haudhuru. Mkaguzi wa usalama hajui upi umelala mpaka aufuate hadi mwisho. Mwaka 2014, baada ya Heartbleed, kosa la usalama lililogunduliwa kwenye OpenSSL, programu ya kufunga mawasiliano ya mtandao kwa siri, watu wa mradi wa OpenBSD walianzisha toleo lao, LibreSSL, kwa kufyeka msimbo wa OpenSSL, ukiwemo wa kuhudumia VMS, mfumo wa kompyuta wa zamani. Kosa la Heartbleed lenyewe halikuwa kwenye msimbo huo wa zamani, lilikuwa kwenye kipengele kipya tu. Ila kwenye kichaka kile, nani angeliona upesi?

Wanaofyeka kwa pupa nao nawakatalia. Huku mwisho wa reli simu za mkono wa pili bado ni nyingi. Kwanza ihakikishwe kuwa hata Android ya zamani kabisa inayohudumiwa haitumii tena msimbo ule wa kuomba ruhusa. Ikiwa inautumia, kuna mtu Ujiji anautegemea, uachwe. Ikiwa haiutumii, yaondoke yote: msimbo, majaribio yake, maneno ya kidirisha pamoja na tafsiri zake, na lile tamko la ruhusa ndani ya programu, mstari unaoiambia simu programu itataka ruhusa gani, kama hakuna sehemu nyingine inayolihitaji. Hilo la mwisho husahaulika sana, na likibaki, mipangilio ya simu inaendelea kuonyesha kwamba kivinjari kinataka hifadhi yako.