Trevor Noah na kicheko juu ya sheria za makaburu

Sheria iliyomfanya Trevor Noah, mchekeshaji wa Afrika Kusini, awe ushahidi wa kosa la wazazi wake ilitungwa mwaka 1927. Ilikataza Mzungu na Mwafrika kulala pamoja, na adhabu ilikuwa kifungo kisichozidi miaka mitano kwa mwanamume, minne kwa mwanamke. Noah ameiweka sheria hiyo mwanzoni kabisa mwa kitabu chake, Born a Crime, kilichotoka mwaka 2016, kabla hajaanza kusimulia lolote. Alizaliwa Johannesburg Februari 20, 1984. Mama yake, Patricia Nombuyiselo, ni Mxhosa. Baba yake, Robert, ni Mswisi. Mwaka 2017 kitabu kikapata Tuzo ya Thurber, inayotolewa Marekani kwa uandishi wa ucheshi. Ubishi nao haujaisha tangu hapo: inakuwaje habari za utawala wa makaburu zipewe tuzo ya kuchekesha?

Baadhi ya wanaomtilia shaka huanza na tarehe. Katazo lile la 1927, pamoja na sheria ya 1949 iliyopiga marufuku ndoa za watu wa rangi tofauti, vilifutwa mwaka 1985, yeye akiwa mtoto wa mwaka mmoja. Mandela alipotoka gerezani Februari 1990, Noah alikuwa hajatimiza miaka sita. Uchaguzi wa Aprili 1994 ulimkuta na miaka kumi. Kwa hesabu hiyo, wanasema, walioonja joto ya jiwe ni kizazi cha mama yake, naye amevaa kovu la mwenzake.

Tarehe hizo ni za kweli, ila zinasahau jinsi utawala ule ulivyofanya kazi. Sheria ya kusajili kila mtu kwa rangi na sheria ya kugawa makazi kwa rangi, zote za mwaka 1950, zilidumu hadi 1991. Mapenzi yakawa halali mwaka 1985, lakini nani aishi wapi, na nani, kukabaki kutegemea rangi iliyoandikwa kwenye karatasi. Patricia alikuwa amepanga chumba Hillbrow, mtaa wa Wazungu, akiingia na kutoka amevaa sare ya mtumishi wa ndani ili asiulizwe. Mtoto akipelekwa kwa bibi yake Soweto, hakuruhusiwa kutoka nje kucheza, maana angeonekana na angeweza kuchukuliwa. Kuna siku wako bustani ya Joubert Park, baba akiwa amejitenga kidogo nao kama mpita njia. Mtoto akamwona, akaanza kumkimbilia huku akimwita baba. Watu wakageuka. Robert akatimua mbio, na mtoto akamfukuza akidhani ni mchezo. Mtu aliyekimbiwa na baba yake mbele za watu kwa sababu ya rangi ana haki zote za kusimulia utawala huo, hata kama sheria zake zilikuwa zinahesabu miaka ya mwisho.

Hoja ya kicheko ni nzito zaidi, nami siipuuzi. Ukiuonyesha uovu kama upumbavu, unauondolea makali. Mpumbavu husamehewa haraka kuliko mwovu. Sisi Tanzania tuliujua ubaguzi ule kupitia wapigania uhuru. Pale Mazimbu, Morogoro, kuna makaburi ya wakimbizi wa ANC, chama cha Mandela, na palikuwa na shule yao iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria mwaka 1979. Ukitoka huko ukakutana na habari za bibi aliyeogopa kumchapa mjukuu kwa sababu ngozi yake hubadilika rangi kila akipigwa, waweza kuona kama umeletewa maji baada ya kuzoea shubiri.

Hebu litazame lakini tukio hilo la bibi. Wajukuu wengine walikuwa wakichapwa, hata kwa makosa ya Trevor. Babu yake naye alimketisha kiti cha nyuma cha gari kama bosi na dereva wake, akimwita bwana. Msomaji anacheka, kisha anatambua kwamba sheria ya Pretoria imeingia mpaka jikoni kwa bibi wa Soweto na kumfundisha kumwogopa mtoto wa mwanawe. Jalada la mahakama halitakupa habari hiyo. Upumbavu wenyewe hakuubuni mchekeshaji. Sandra Laing alizaliwa mwaka 1955 na wazazi Wazungu, akafukuzwa shule ya Wazungu mwaka 1966 kwa sababu ya ngozi na nywele zake, akasajiliwa kuwa chotara, na mwaka 1967 akarudishwa kuwa Mzungu. Serikali ilimbadilisha mtoto rangi mara mbili bila yeye kubadilika hata unywele mmoja.

Kuna mahali kicheko kinajaribiwa vikali zaidi. Noah alipokuwa akipiga muziki na kuuza sidii feki Alexandra, kundi lake lilikuwa na mcheza dansi hodari aliyeitwa Hitler. Wakaalikwa shule ya Kiyahudi, na vijana wakamshangilia mwenzao kwa jina lake, mbele ya walimu walioganda. Wapo wanaoona tukio hilo halikufaa kuchekewa kabisa. Noah anajibu kwamba elimu waliyopewa Waafrika haikuwafundisha Hitler alikuwa nani kwa Wayahudi, na kwamba kwa Mwafrika, Cecil Rhodes, mkoloni wa Kiingereza kusini mwa Afrika, angeweza kushika nafasi hiyo. Kisha anauliza swali ambalo msomaji wa Lubumbashi au Kisangani atalisikia kwa sikio lake: ni watu weusi wangapi walikufa wakivuna mpira Kongo? Wanazi waliandika idadi ya waliowaua. Wakoloni hawakujisumbua kuhesabu. Swali ni la haki. Ninachokosa katika sura hiyo ni nafasi ya kutosha kwa upande wa pili. Wale waliokaa ukumbini siku ile, ambao huenda mababu zao walikuwa miongoni mwa waliohesabiwa, wanabaki kuwa watu wa kushangaa tu.

Ninapokubaliana na wakosoaji ni kwenye picha ya machotara. Familia ilihamia Eden Park, mtaa wa machotara, na watoto wa huko wakamnyanyasa: walimrushia matunda ya mforsadi mpaka akalia. Maumivu hayo ni yake na hawezi kunyang'anywa. Lakini anapotoka kwenye tukio na kuielezea jamii nzima kuwa watu wasiojua asili yao, waliodanganywa kuwa wamebakiza hatua moja kufikia Uzungu, anasema kwa niaba ya watu ambao kwao alikuwa mgeni. Machotara wa Cape wana historia ya karne tatu na zaidi: wazawa wa Khoi, na watumwa waliotolewa visiwa vya Indonesia, Madagaska, Msumbiji. Mwaka 1956 waliondolewa kwenye daftari la wapiga kura. Mwaka 1966 mtaa wao wa District Six ukatangazwa kuwa wa Wazungu, na watu zaidi ya 60,000 wakafukuzwa. Mwaka uleule aliozaliwa Noah, makaburu waliwaundia machotara na Wahindi mabunge yao, Waafrika wakiachwa nje, na machotara wengi wakagomea uchaguzi huo. Muungano wa UDF uliopinga hila hiyo ulizinduliwa Mitchells Plain, mtaa wa machotara, Agosti 1983. Msomaji aliyewajua watu hawa kupitia Eden Park peke yake atawadhulumu bila kujua.

Wengine husema mchekeshaji huyu aliwaandikia Wamarekani waliomjua kwenye televisheni, na kicheko ni sukari ya kuwarahisishia dawa. Siamini. Kicheko hiki ni cha Patricia kabla hakijawa cha mwanawe. Mwaka 2009 baba wa kambo alimpiga Patricia risasi mguuni na kichwani. Ya kichwani ilipenya nyuma ya fuvu ikatokea puani bila kugusa ubongo. Akiwa kitandani hospitalini, anamwambia mwanawe anayelia kwamba sasa yeye ndiye mzuri wa sura kuliko wote nyumbani. Hakuna Mmarekani aliyekuwa chumbani humo.

Sura hiyo ya kitabu pia ndiyo inayowajibu wanaodai kitabu kinafuta uchungu. Patricia alishawahi kwenda polisi kushtaki kipigo, na askari, badala ya kuandika maelezo yake, wakamsihi atulie na kuongea na mumewe kama rafiki. Kesi ya risasi ilipofika mahakamani, baba huyo wa kambo alikiri kujaribu kuua, akapewa miaka mitatu ya uangalizi bila kwenda jela, kwa kuwa hakuwa na rekodi ya makosa. Rekodi haikuwepo kwa sababu askari hawakuiandika. Katika kurasa hizo Noah anaweka mzaha kando, na anakuwa anazungumzia Afrika Kusini iliyo huru, yenye katiba mpya na polisi weusi.