Maharage Yanasingiziwa

Shangazi yangu aliacha maharage kwa miaka sita. Akaacha pilipili, ndimu, hata chai ya rangi. Kila usiku alikunywa maziwa, maana aliambiwa yanapoza vidonda vya tumbo. Na kila asubuhi, kwa ajili ya magoti, alimeza diklofenaki ya duka la dawa bila cheti. Wote tulikuwa tukimuuliza amekula nini. Habari ya vidonge hakuna aliyeiuliza, mpaka siku alipopata choo cheusi kama lami, akalazwa akiwa ameishiwa damu.

Nadhani hata lugha inatuponza. Tunasema "tumbo" kwa kila kilichopo kati ya mbavu na nyonga, mimba ikiwemo. Tumbo la chakula lenyewe liko juu, kushoto kidogo, nyuma ya chembe ya moyo. Ni mfuko wa misuli. Ukiwa mtupu hujikunja, ukijaa hubeba lita moja na zaidi. Ndani yake mna asidi kali na pepsini, kimeng'enya kinachokata protini. Basi kama linameng'enya nyama ya ng'ombe, kwa nini lisijimeng'enye lenyewe? Kwa sababu limejipaka ute mzito wenye baikaboneti ya kupoza asidi, na seli za juu ya ukuta wake hubadilishwa kila baada ya siku chache. Kinachochochea ulinzi huo ni prostaglandini, kemikali ambazo mwili hujitengenezea. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hutuliza maumivu kwa kuzuia prostaglandini hizohizo.

Dawa hizo ndizo adui wa kwanza. Adui wa pili ni bakteria, *Helicobacter pylori*. Hugeuza urea kuwa amonia, na kwa amonia hiyo hupunguza makali ya asidi pale anapokaa. Madaktari Robin Warren na Barry Marshall wa Perth, Australia, walipomhusisha na vidonda, wengi hawakusadiki. Mwaka 1984 Marshall akawanywa bakteria hao mwenyewe. Siku chache baadaye alikuwa anatapika, na ukuta wa tumbo lake ukakutwa umevimba. Tuzo ya Nobeli waliipata 2005.

Ndiyo maana naumia ninaposikia mgonjwa ameambiwa "acha maharage" akarudishwa nyumbani. Maharage hujaza gesi, na pilipili huwasha kidonda kilichopo, sikatai. Lakini si hivyo vinavyotoboa. Maziwa nayo hutuliza kwa muda tu, kisha protini na kalsiamu yake huchochea asidi zaidi. Taja dawa zote unazomeza, hata za magoti. Omba kipimo cha bakteria huyo, cha kinyesi au cha pumzi, na useme kama unatumia omeprazo, dawa ya kupunguza asidi, kwani inaweza kumficha bakteria.

Shangazi alikutwa na yote mawili. Aliachishwa diklofenaki, akamaliza dozi ya antibayotiki ya siku 14, akapimwa tena, safi. Magoti bado yanamsumbua. Siku hizi anatumia parasetamo. Jumapili iliyopita alinipigia simu niende mapema: alikuwa amepika maharage ya nazi.