Bastola au Bunduki Iliyokatwa Kitako? Mzozo wa Mita 200

Mwaka 1975, mjini Tucson, Arizona, walengaji wa Marekani waliuchukua mchezo wa bunduki uliotoka Mexico, wa kuangusha wanyama bapa wa chuma, wakaujaribu kwa bastola. Mwaka uliofuata kikaundwa chama cha kimataifa cha mchezo huo, IHMSA, chini ya uongozi wa Elgin Gates, na umbali ukawekwa: kuku mita 50, nguruwe pori mita 100, bata mzinga mita 150, kondoo dume mita 200. (Huko Mexico, kabla ya chuma, walilengwa wanyama hai waliofungwa kamba, mtindo ambao nadhani hakuna anayetamani urudi.)

Kanuni moja ndiyo iliyozaa mzozo: haitoshi kumpiga kondoo, sharti aanguke. Kwa kuwa ana uzito wa zaidi ya kilo 20, risasi nyepesi inayofika imechoka humgonga tu na kumwacha amesimama. Washindani wakageukia revolva (bastola za silinda inayozunguka) za risasi kubwa za .44 Magnum, kisha Thompson/Center Contender, bastola ya risasi moja moja inayokubali kasiba za kubadilisha, na hatimaye Remington XP-100, bastola iliyokuwapo tangu mwaka 1963, ambayo hufungwa kwa bolti kama bunduki. Daraja lililoitwa huria liliruhusu kasiba ya hadi inchi 15.

Wapinzani walisema hiyo si bastola tena, bali ni bunduki iliyokatwa kitako, na kwamba mwenye fedha za kununua silaha bora humshinda mwenye mkono mtulivu. Watetezi hujibu kwamba mlengaji bado hana kitako cha kuegemeza begani. Mara nyingi hulala chali, silaha ameiegemeza mguuni. Huongeza kwamba revolva zilikuwa na daraja lake. Jibu la kwanza lina uzito, kwani kulala chali na kutazama shabaha juu ya vidole vya miguu yako si jambo ambalo fedha hununua.

Hata hivyo, naona pande zote mbili zinabishania silaha ilhali kosa ni la kanuni. Hesabu ni ya kuanguka au kutoanguka, bila alama za katikati. Silaha zilipoboreka, wengi waliweza kuangusha wanyama wote 40 wa shindano, na mshindi ikabidi atafutwe kwa raundi za ziada. Revolva nazo zilisukumwa hadi ukomo wake. Kiwanda cha Ruger kilipotoa revolva ya risasi za .357 Maximum mwanzoni mwa miaka ya 1980, gesi ya moto iliyopenya kati ya silinda na kasiba ilikula chuma cha fremu juu yake, na kiwanda kikaacha kuitengeneza.

Kwa walioshindwa gharama na mshindo, daraja la risasi ndogo za .22 lilileta wanyama wadogo kwa nusu ya umbali, na kondoo akasimama mita 100, mwepesi kiasi cha kuangushwa na risasi ya bei nafuu.