Sharafa Zapigiwa Kura

Nimetoka kwa kinyozi sasa hivi, na napenda ieleweke kwamba nilikwenda kupunguzwa sharafa, si kukaguliwa masikio. Maelekezo yangu yalikuwa mafupi: zishuke hadi katikati ya sikio, zikatwe sawasawa, basi. Yule bwana akanipima kwa macho kama fundi anayekagua ukuta uliopinda, kisha akatangaza, kwa sauti iliyolifikia benchi zima la wanaosubiri, kwamba sikio langu la kushoto limekaa chini kuliko la kulia.

"Sasa, mzee, tufuate masikio au tufuate uso?"

Hilo ni swali la kumwuliza mtu aliyefungwa shuka shingoni? Kabla sijajibu, benchi lilikwisha kulipokea shauri. Mmoja akasema tufuate macho. Wa pili akadai kwamba macho nayo yana walakini, akainuka kuja kuhakikisha, akanishika kidevu bila hata salamu. Wa tatu, ambaye kidevuni mwake hapajawahi kuota kitu, alishauri sharafa ziondolewe kabisa ili mgogoro uishe. Kijana mmoja akapendekeza ziunganishwe na masharubu, kidevu kibaki kitupu. Nikamweleza, kwa utulivu wa mtu mzima, kwamba huo ndio uliokuwa mtindo wa Jenerali Ambrose Burnside wa Marekani, ambaye Desemba 1862 aliliongoza jeshi lake likapigwa vibaya Fredericksburg, na ambaye leo anakumbukwa kwa mashavu yake kuliko kwa vita vyake. Kijana akajibu kwamba, vita kando, jenerali alipendeza. Kinyozi akaamua kura ipigwe. Nilipoinua mkono kupiga ya kwangu, nikaambiwa nisitikisike, wembe uko karibu.

Uso ukashinda. Sharafa sasa ziko sawa kabisa, na kwa sababu hiyo sikio ambalo nimeishi nalo kwa amani tangu kuzaliwa linaonekana limeteleza.

Na hao ni wageni tu. Mwenzangu nyumbani anasema ndevu zinamchoma. Mama anasema zinanifanya nifanane na mtu anayekwepa wanaomdai. Mkuu wangu kazini anasema nifuge au ninyoe, lakini nisije na za katikati, utadhani kuna namna ya kufika kwenye ndevu ndefu bila kupitia fupi. Ndevu huota kwa chini ya nusu milimita kwa siku, jamani! Nikazivute?

Hata wakubwa hawakusalimika. Mwaka 1860 msichana wa miaka 11, Grace Bedell, alimwandikia Abraham Lincoln kwamba uso wake umekonda mno na kwamba angependeza akifuga ndevu. Mwaka uliofuata mtu huyo akaapishwa kuwa rais akiwa na ndevu zake. Angalau binti yule alituma barua, hakumshika kidevu. Jeshi la Uingereza nalo liliwakataza askari wake kunyoa mdomo wa juu hadi 1916, kwa hiyo kulikuwa na watu walioamrishwa na serikali kuwa na masharubu, na sina shaka miongoni mwao walikuwamo ambao hayakukubali kuota.

Aliyekuwa mkweli ni Petro Mkuu wa Urusi. Aliporudi kutoka safari yake ya Ulaya Magharibi mwaka 1698, alianza kuwakata ndevu wakuu wake kwa mkono wake mwenyewe, na baadaye akaweka kodi: aliyetaka kubaki na ndevu alilipa, akapewa kipande cha chuma kilichochorwa pua, masharubu na ndevu, akawa anatembea nacho kama stakabadhi. Watu huisimulia habari hiyo kama dhuluma. Mimi naomba nielekezwe dirisha la kulipia. Ningekitundika kipande hicho shingoni, na yeyote atakayefungua kinywa juu ya shavu langu, awe mkuu wa kazi au mpiga kura wa benchini, ningemwonyesha kwamba nimelipa, na kwamba malalamiko yapelekwe kwa mfalme.