Utada Hikaru: sikiliza pale neno linapokatika

Anayemtaja Utada Hikaru, mwimbaji na mtunzi wa Kijapani, kwa kawaida huanza na mauzo, na ni kweli mauzo yenyewe yanatisha. Albamu ya First Love ilitoka tarehe 10 Machi 1999, mwenyewe akiwa na miaka 16, ikauza zaidi ya nakala milioni 7 nchini Japani. Hakuna albamu nyingine iliyowahi kuuza kiasi hicho nchini humo. Lakini miaka ile CD zilikuwa zikinunuliwa Japani kuliko wakati wowote kabla au baada yake, na wapo wengi waliouza mamilioni ambao leo hakuna anayewasikiliza. Utada bado anasikilizwa, na nitakwambia naamini ni kwa sababu gani: anajua kukata maneno.

Chukua Automatic, singo iliyomtambulisha tarehe 9 Desemba 1998. Mstari wa kwanza unamhusu mtu aliyeinua simu ilipolia mara ya saba: nanakaime no beru de juwaki o totta kimi. Mtunzi wa kawaida angepumua baada ya "de", maana hapo ndipo maana inapotulia. Utada anaimba "nanakaime no be", ananyamaza, anaendelea "ru de juwaki o to", ananyamaza tena, kisha anamaliza "tta kimi". Beru ni mlio wa kengele ya simu, naye ameupasua vipande viwili. Totta ni kitenzi cha kuinua, nacho amekivunja katikati.

Aliyezoea mashairi yetu ya mizani ataona mara moja ukubwa wa jambo hili. Ni kama mshairi afike mwisho wa ukwapi (nusu ya kwanza ya mstari) akiwa na nusu ya neno mdomoni, nusu nyingine aianzishe kwenye utao (nusu ya pili). Malenga yeyote angelikataa shairi hilo. Kwa Utada linafanya kazi kwa sababu ya mdundo. Muziki wake unatoka kwenye R&B ya Marekani (alizaliwa New York mwaka 1983, akakulia huko na Tokyo), na muziki huo hutaka sauti iingie na kutoka kwa kufuata ngoma na besi, hata sarufi ikiachwa nyuma. Silabi ya "be" inabaki hewani, sikio linangoja imaliziwe, na simu yenyewe kwenye wimbo bado haijapokelewa. Umbo na habari vimekwenda pamoja. Kijana wa miaka 15 aliyaweza haya kwenye mstari wa kwanza kabisa wa singo yake ya kwanza kwa jina la Utada Hikaru.

Sisi wenye Kiswahili tuna bahati hapa. Kijapani kina irabu tano zilezile, a, e, i, o, u, na silabi zake nyingi huishia kwenye irabu kama zetu. Hata ile n inayosimama peke yake tunaijua: anayetamka m ya mtu na n ya nchi kama silabi kamili hatashindwa kuhesabu donna kuwa do-n-na, mapigo matatu. Irabu ndefu nazo ni zetu: anayesema cho-o na ka-a atasema to-o-kyo-o bila kufundishwa.

Makosa yetu yako sehemu mbili. La kwanza ni mkazo. Kiswahili huegemea silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mtu anaimba "hiKAri" kwa nguvu na wimbo mzima unaanza kuchechemea. Kijapani hakikandamizi silabi. Kinapandisha na kushusha sauti tu. Dawa ni kuusoma mstari kwanza bila tuni, kila silabi kwa urefu sawa na nguvu sawa, kama mtu anayehesabu fedha. La pili ni konsonanti pacha. Totta si "tota". Ulimi unagusa nyuma ya meno, unakaa hapo pigo moja la kimya, ndipo unaachia. Kimya hicho kinahesabiwa. Ukikiruka, unafika mapema kuliko ngoma na huwezi kurudi tena mpaka ubeti uishe. Na ukumbuke kwamba Utada mwenyewe mara nyingi hubana mapigo mawili ndani ya noti moja, hivyo hesabu ya karatasini ikishaeleweka, mwachie sikio kazi.

Njia inayofaa kujifunza ni hii: sikiliza mara kadhaa bila maneno mbele yako, kisha tafuta maneno yaliyoandikwa kwa herufi za Kirumi. Chora mstari kila anapovuta pumzi, wala usijali neno limeishia wapi. Punguza kasi ya video iwe 0.75. Utashangaa mistari mingapi uliyochora imepita katikati ya maneno.

Traveling, ya Novemba 2001, inaonyesha upande mwingine wa ufundi huo: vina. Ni Ijumaa, mtu anarukia teksi kwenda kwa mpenzi wake. Dereva anauliza waelekea wapi, analalamika kwamba uchumi ni mbaya, anatahadharisha juu ya mlango. Maneno yake ya adabu yanaishia kwa -masu, ikaremasu, komarimasu, shimemasu, na lugha ya kawaida ya teksi inageuka kina bila mtu kulazimisha chochote. Kisha, katika wimbo huohuo wa kuchezwa, yanapita maneno ya ufunguzi wa Heike Monogatari, utenzi wa vita wa Japani ya kale: ndoto ya usiku wa majira ya maua, vumbi mbele ya upepo. Dereva wa teksi na utenzi wa kale wamekaa kiti kimoja. Kwa maoni yangu huu ndio wimbo wake bora wa miaka ile, kuliko hata wimbo wa First Love wenyewe.

Hikari ya mwaka 2002 ni zoezi zuri kwa sababu ina ndugu yake wa Kiingereza, Simple and Clean. Nyimbo zote mbili zilitumika kwenye mchezo wa kompyuta wa Kingdom Hearts. Maneno ya Kiingereza hayakutafsiriwa, yaliandikwa upya. Yasikilize mfululizo na uangalie jinsi Kijapani kinavyojaza nafasi kwa silabi fupi nyingi pale ambapo Kiingereza kinavuta chache.

Mwaka 2010 alitangaza kupumzika, akaaga kwa maonyesho mawili Yokohama Arena mwezi Desemba. Agosti 2013 alifariki mama yake, Fuji Keiko, mwimbaji maarufu wa enka, ile miziki ya huzuni ya Kijapani inayovuta irabu mpaka inatetemeka. Albamu ya kurudi, Fantôme, ilitoka tarehe 28 Septemba 2016, na ndani yake kuna Manatsu no Tōriame. Piano, sauti, na mapambo machache sana. Hapa mkato ule mkali umeondoka. Maneno yanafika mazima, na yakikwama yanarudiwa: yamanai yamanai kwa mvua isiyokoma, ienai ienai kwa kiu isiyopona. Mtu aliyejenga jina lake kwa kuvunja maneno ameamua kuyaacha yakae. Siwezi kuusikiliza wimbo huu huku nikifanya kazi nyingine.

Somewhere Near Marseilles, kwenye Bad Mode ya mwaka 2022, ni safari ya karibu dakika 12 iliyotengenezwa pamoja na Floating Points, mtunzi wa muziki wa elektroniki kutoka Uingereza. Maneno ni machache, besi inatawala. Usianze nayo, utachoka kabla haijafunguka.

Angalia pia matoleo. Science Fiction ya mwaka 2024 ina Hikari na Traveling zilizorekodiwa upya, kwa sauti ya mtu mzima, na Automatic iliyochanganywa upya. Ni nzuri, lakini kwa zoezi la mkato tafuta Automatic iliyo kwenye First Love, weka vipokea sauti masikioni, na usikilize sekunde za mwanzo za ubeti wa kwanza mpaka uisikie pumzi iliyo kati ya "be" na "ru".