Mapato ya Filamu za Kanumba Yako Wapi?

Kuanzia Mei hadi mwanzoni mwa Septemba, mapumziko ya asubuhi ya kila Jumatatu katika ghala ninalofanyia kazi hapa Columbus, Ohio, hutawaliwa na swali moja: filamu iliyotoka Ijumaa imeingiza kiasi gani? Wanaobishana si watu wa sinema. Ni wapakiaji, madereva na mama mmoja mtu mzima anayesafisha ofisi, na kila mmoja ana tarakimu zake kichwani. Juzi mmoja wao alikuja na jarida lililopitia misimu ya kiangazi tangu 1975, likieleza filamu zipi ziliuza na zipi zilidoda, na meza nzima ikagawanyika kambi mbili. Niliufurahia ubishi ule kwa moyo wote. Kisha nikajiuliza kama ningeweza kuwaonyesha ukurasa mmoja tu wa namna hiyo kuhusu filamu zetu za nyumbani Tanzania, na furaha ikaniisha.

Jarida lilianza na Jaws, iliyotoka tarehe 20 Juni 1975 katika kumbi 409 kwa siku moja, baada ya matangazo ya televisheni yaliyogharimu takriban dola 700,000, na ambayo faida yake ndiyo iliyoyafundisha makampuni kwamba kiangazi ni msimu wa kuvuna. Miaka miwili baadaye Star Wars ilianza katika kumbi 32 tu. Mwaka 1989 Batman iliingiza dola milioni 40 kwa siku tatu za mwanzo. Mwaka 2008 The Dark Knight ikafikisha milioni 158. Na Julai 2023, huku waandishi na waigizaji wakiwa kwenye mgomo, Barbie ilifungua kwa milioni 162 wikiendi ileile ambayo Oppenheimer ilipata milioni 82. Yote haya mtu wa kawaida anaweza kuyasema bila kwenda maktaba.

Anaweza kwa sababu tiketi ikikatwa, kompyuta ya ukumbi huihesabu, hesabu za kumbi zote hukusanywa kila usiku, Jumapili makampuni hutoa makadirio na Jumatatu hutolewa hesabu kamili. Yule mama wa usafi ndiye aliyenifafanulia kwa nini filamu ya Indiana Jones ya 2023, iliyogharimu karibu dola milioni 300 na kuingiza takriban milioni 384 duniani kote, ilikula hasara: karibu nusu ya fedha za tiketi hubaki kwa wenye kumbi, na fedha za matangazo hazimo katika ile gharama inayotajwa. Alinieleza hayo akiwa ameshika kikombe chake cha kahawa, kwa uhakika wa mwanahisa.

Sasa turudi kwetu, na nisieleweke vibaya, kwa maana sinema kwetu si jambo la jana. Zanzibar ilikuwa na Majestic na Cine Afrique, Dar es Salaam ilikuwa na Empire, Avalon na ile ya wazi iliyowaingiza watu na magari yao, na watu wazima wanasimulia foleni za sikukuu ya Idi na jinsi mtaa mzima ulivyoimba nyimbo za Raj Kapoor bila kujua Kihindi. Mimi nilikulia Mbagala, ambako sinema ilikuwa kibanda umiza: mabenchi ya mbao, televisheni moja juu ya kabati la chuma, joto, na sauti ya Lufufu akitafsiri picha la Kichina kwa ufundi ambao sijausikia kwingine kokote. Mlangoni alikaa kijana na kopo la Blue Band. Ulidumbukiza sarafu yako, ukaingia. Hapakuwa na tiketi wala daftari. Usiku mwenye kibanda alizimwaga sarafu mkekani, akazihesabu, akatenga za umeme, na idadi ya watazamaji wa siku ile ikaishia hapo. Ukizidisha kibanda hicho kwa mitaa yote ya miji yetu, utaona ni umati mkubwa kiasi gani uliopenda sinema bila kuandikwa popote.

Enzi za Bongo Movie, filamu zetu za kuuzwa kwa DVD, zilipokuja, kopo likabadilika umbo tu. Mtayarishaji aliuza kazi yake kwa msambazaji kwa malipo ya mkupuo, akasaini, na tangu siku hiyo idadi ya nakala ikawa siri ya msambazaji na ya wezi wa kazi za watu. Steven Kanumba, mwigizaji nyota wa filamu hizo, alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, viwanja vya Leaders Club jijini Dar es Salaam vilifurika waombolezaji. Huo ndio ushahidi mkubwa kuliko wote tulio nao wa ukubwa wa soko lake, na ni ushahidi wa msibani. Mwaka 2013 serikali ilipoanza kubandika stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki, nilitumaini kwamba hatimaye kitu kitahesabika, kwa kuwa kila stempu ni nakala moja. Sijawahi kusoma gazetini hesabu ya stempu za filamu hata moja, na baadaye DVD zenyewe zikafa.

Najua litakalofuata. Yuko atakayesema kwamba huyu kapanda ndege juzi, leo ameanza kutufundisha, na kwamba kulinganisha nchi yetu na Marekani ni dharau. Ndugu yangu, sikulinganisha ubora wa filamu, wala wingi wa fedha. Nazungumzia kuandika. Na usiniambie kwamba hatuwezi, kwa sababu ni sisi wenyewe tuliozoea kusikia TFF, shirikisho letu la soka, ikitangaza mapato ya mlangoni ya mechi ya Simba na Yanga: waliokaa VIP wamelipa kiasi hiki, wa mzunguko kiasi hiki, kodi kiasi hiki, gharama za uwanja, mgao wa kila klabu. Mnada wa korosho ukifanyika Mtwara, bei ya kilo husikika redioni. Tunajua kuhesabu kitu tunachokithamini, na hilo ndilo linaloniuma, maana mwigizaji aliyetutoa machozi anastahili angalau heshima tunayoipa korosho.

Mwingine atasema kwamba Afrika haijafika huko. Nigeria imefika. Filamu ya A Tribe Called Judah ya Funke Akindele, iliyotoka Desemba 2023, ilikuwa ya kwanza ya Kinigeria kuvuka naira bilioni 1 katika kumbi za kwao, na jambo hilo lilijulikana kwa sababu wenye kumbi wana chama kinachokusanya hesabu na kuzitoa hadharani. Msimu wao si kiangazi, ni Desemba. Wetu ungekuwa Idi na Krismasi, kama ulivyokuwa siku zote.

Siwatetei wenyeji wangu wa hapa kwa kila kitu, kwani nao wananichosha. Wana pupa ya kuizika filamu siku ya tatu. Mei 2024 Furiosa ilipoingiza takriban dola milioni 32 tu kwa siku nne za wikiendi ya sikukuu yao ya Memorial Day, watu walizungumza kana kwamba kumbi zote zinafungwa; wiki tatu baadaye Inside Out 2 ikafungua kwa milioni 154, na mwishoni mwa Julai Deadpool & Wolverine ikapata milioni 211. Mapato ya siku tatu hayakuambii kama kazi ni nzuri. Kambi mbili za meza yetu siku ile ziligombana juu ya 25 Juni 1982, siku zilipotoka pamoja Blade Runner na The Thing, wiki mbili tu baada ya E.T., na zote mbili zikadoda. Leo ni miongoni mwa filamu zinazoheshimiwa sana. Mzee mmoja alisema watazamaji wa mwaka ule walikosea. Kijana akamjibu kwamba hawakukosea, bali walikuwa wamechoshwa na habari za hofu na walitaka kufarijiwa. Nilitamani kuusikia ubishi wa namna hiyo kwa Kiswahili, juu ya filamu iliyotengenezwa Sinza au Tanga, ikapuuzwa ilipotoka, na kutetewa miaka arobaini baadaye. Hatuwezi kuufanya, kwa kuwa hatujui hata ipi ilipuuzwa na ipi ilipendwa. Kila mwenye filamu husema yake ilitikisa, na hakuna wa kumbishia wala wa kumuunga mkono kwa ushahidi.

Baadhi ya watayarishaji wetu, nadhani, wanaogopa aibu ya tarakimu ndogo, na hofu hiyo naielewa. Lakini Agosti 2013 Disney iliwaambia wawekezaji wake waziwazi kwamba The Lone Ranger ingeitia hasara ya kati ya dola milioni 160 na 190, na Agosti iliyofuata ikatoa Guardians of the Galaxy, iliyoingiza zaidi ya milioni 770 duniani. Kumbi za Dar es Salaam tayari zinakata tiketi kwa kompyuta. Filamu kama Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, ikiingia humo, hesabu yake imo ndani ya mashine kabla watazamaji hawajafika kwenye viti. Wenye kumbi na Bodi ya Filamu wakubaliane siku moja ya wiki ya kuitoa. Waanze na Idi ijayo, na kama filamu yetu itauza tiketi mia mbili, waandike mia mbili.